Kiti cha Bi Somoe na Filamu ya Baba Asiyeketi

Waongo huanza hadithi zao kwa kusema hapo zamani. Mimi nitasema juzi, tena katika nchi ya Wima, nilikozaliwa na ninakotegemea kuzikwa nikiwa nimesimama kama sheria inavyotaka. Msiitafute nchi hiyo kwenye ramani. Ramani zetu huchapwa na Wizara na haziruhusiwi kutoka nje.

Kiongozi wetu anaitwa Baba Asiyeketi. Jina hilo alilipata siku aliyotwaa madaraka, alipohutubia tangu asubuhi mpaka jua likazama, na mwisho akaapa kwamba hataketi mpaka nchi isimame. Nchi imechukua muda wake kidogo, na Baba hajaketi hadi leo. Kiapo kikawa desturi, desturi ikawa sheria: mahali Baba aliposimama, hakuna wa kukaa. Na kwa kuwa picha ya Baba iko kila ukutani, amesimama, mkono kiunoni, basi maofisini tunaandika wima, shuleni watoto wanasoma wima, na mahakamani hakimu na mshitakiwa wanasimama wakitazamana mpaka mmoja wao achoke. Majumbani kila picha ina kitambaa chake cha kushusha wakati wa chakula, ili kuikinga na mvuke wa mchuzi. Mvuke wa mchuzi wa Wima ni mzito sana, hukaa hewani mpaka watu wakalale.

Magoti yanatuuma, sikatai. Lakini taifa lisiloumwa magoti litajuaje kwamba limesimama?

Sasa mwaka jana ukazuka uvumi kwamba Baba hatembei. Kusimama anasimama, wakasema wenye midomo, lakini hajongei. Kila akitokea kwenye ngazi za Ikulu huwa katikati ya walinzi wawili, na kila mlinzi huonekana ana mkono mmoja tu, ule mwingine uko nyuma ya Baba unakofanya kazi yake. Uvumi ukavuka mpaka, ukawafikia marafiki zetu wa ng'ambo wanaotukopesha. Wakatuma salamu za heshima, wakasema kabla ya kuendeleza urafiki wangependa sana kumwona Baba akijongea, walau kidogo.

Serikali ikaamua kutengeneza filamu. Ikaitwa *Baba Anakuja*.

Ilikuwa filamu ya bajeti ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya bajeti ilitumika kuizindua bajeti yenyewe. Ng'ombe walichinjwa, fulana zikagawiwa, na kilichobaki kikakabidhiwa Kamati ya Taifa ya Mwendo wa Kamera, chini ya Mheshimiwa Machupa, Waziri wa Taswira. Mimi Pazi, tarishi wa Wizara, ndiye niliyekuwa nasukuma toroli la chai katika vikao vyake, kwa hiyo nayasimulia niliyoyasikia kwa masikio yangu, huku nikimimina.

Mwongozaji aliyeteuliwa alikuwa kijana mmoja, Kheri Mpangile, mpiga video za harusi. Sifa yake kubwa ni kwamba alirekodi harusi ya binti wa Waziri na kumfanya bwana harusi aonekane mrefu.

"Mheshimiwa," Kheri alieleza, "kamera ikisimama mahali pamoja, na Baba naye amesimama mahali pamoja, watu watadhani wanaangalia picha ya ukutani. Lazima kimoja kitembee. Na kwa kuwa Baba..."

Akakwama. Wajumbe wote wakageuka kuangalia dari, ambayo kwa kweli ilihitaji rangi.

"Kwa kuwa Baba ameshafika anakokwenda," Waziri akamwokoa, "itatembea kamera."

Tukapumua. Ndipo ukaanza mjadala wa kamera itembezwe na nini, na hapo ndipo nilipojua kwamba sanaa si kazi ya mchezo.

Kheri alitaka kwanza winchi, ile mitambo ya kuinua kamera juu kisha kuishusha taratibu. Ofisa wa Itifaki, Bwana Kanyenye, mtu mwembamba anayeijua kila sheria ya Wima kwa moyo, akauliza kamera ikiwa juu huko itaona nini. Kheri akasema itaona uwanja wote, na umati, na utosi wa Baba. Kanyenye akalifunga faili. Utosi wa Baba ni siri ya dola. Hata kinyozi wake hunyoa kwa kupapasa.

Wakajadili reli za kutelezeshea kamera. Wizara ya Uchukuzi ikajibu kwamba reli za nchi zipo, ila zimehifadhiwa kwa usalama katika mageti ya nyumba za maofisa wake. Zaidi ya hapo, akasema Kanyenye, reli humpangia mtu pa kupita, na Baba hapangiwi njia. Ikatajwa ndege ndogo isiyo na rubani, inayobeba kamera angani. Jeshi likaipokea hoja kwa furaha kubwa, likasema limekaa muda mrefu bila kitu cha kutungua. Ukatajwa mkanda wa kuifunga kamera kifuani, mpiga picha akatembea mbele ya Baba kinyumenyume. Hapo mjumbe mmoja alisogea mlangoni, maana kila mtoto wa Wima anaijua kaulimbiu isemayo hatua moja nyuma ni uhaini. Na kuishika kwa mkono tu? Itatikisika, Kheri akakiri. Waziri akasema Wima haitikisiki. Hata stendi ya kawaida ilikataliwa, kwa sababu ina miguu mitatu, na ilionekana kumzidi Baba kwa mguu mmoja.

Chai ilikuwa imezunguka mara ya pili. Kheri alijifuta uso kwa shati.

"Mheshimiwa, sisi tusio na kitu tukikwama huwa tunatumia kiti cha wagonjwa. Mpiga picha anakaa, mwenzake anasukuma. Kinateleza kuliko reli."

Lile neno kiti lilitua katikati ya chumba, na juu yake Baba akitutazama kutoka ukutani.

"Kina magurudumu?" Waziri aliuliza kwa sauti ya chini.

"Manne, Mheshimiwa."

"Basi ni gari," Waziri akasema. Na katika kumbukumbu za kikao kikaandikwa: gari dogo la kamera.

Hospitali kuu iliulizwa kama inalo. Ikajibu kwamba magari yake yote ya namna hiyo yako nje ya nchi kwa matibabu, pamoja na wakubwa waliopanda. Ilionekana filamu imekufa kabla ya kuzaliwa, mpaka dereva wa Waziri alipokumbuka mahali anapokula mchana.

Anapokula mchana ni kwa Bi Somoe.

Bi Somoe ni jirani yangu, mama lishe, anapika wali na maharage kwenye kona nyuma ya Wizara. Miguu yake ilikufa ganzi tangu alipougua utu uzimani, na kwa muda mrefu alilala mkekani ndani, akingoja jirani amletee maji. Kisha fundi baiskeli wa mtaani kwetu akamuundia kiti kwa magurudumu mawili ya baiskeli kuukuu na mawili madogo ya kigari cha mtoto. Tangu siku hiyo Bi Somoe akawa mtu mwingine. Alfajiri anajisukuma mwenyewe na sufuria mapajani, mchana anagombana na makarani wanaotaka ukoko wa ziada, jioni anarudi kwake akiimba. Kile kiti kilikuwa miguu yake, na jiko lake, na heshima yake mtaani.

Tulikwenda na magari matatu. Bwana Kanyenye akasafisha koo.

"Mama, Serikali imekuja kuazima kiti chako."

"Kuna mtu huko kwenu hana miguu?" Bi Somoe aliuliza.

Sote tukatazama mawingu.

"Hakuna," Kanyenye akajibu upesi. "Ni kwa ajili ya kamera."

"Kamera nayo inaumwa?"

Kheri ndiye aliyechuchumaa karibu naye akamweleza, kwa adabu, bibi hivi na bibi vile. Bi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho huku akikoroga sufuria.

"Nimekuelewa, mwanangu. Sasa nawe nielewe. Mimi na hiki kiti ni mama Somoe, watu wananisalimia. Bila hiki kiti ni mzigo wa kuhamishwa na mkeka. Mkeka naujua, sirudi."

"Kitarudi," Kanyenye akasema.

"Nitajie kitu kimoja kilichoazimwa na Serikali kikarudi."

Bwana Kanyenye ni mtu mkweli. Alifikiri pale kwa bidii, akakunja vidole, akakunjua, akakosa.

"Basi kiti kikienda, nami naenda," akasema Bi Somoe. "Nitakaa pembeni nikitazame."

Mazoezi yalifanyika katika ua wa Wizara. Picha kubwa ya Baba ilisimamishwa mbele, na mpiga picha wa kwanza, kijana hodari aliyesomea kazi hiyo, akakaa kwenye kiti na kamera yake begani. Alikamatwa papo hapo kwa kosa la kuketi mbele ya Baba aliyesimama. Wa pili, mwerevu zaidi, akachuchumaa juu ya kiti. Kanyenye akafungua kitabu na kumsomea kwamba kuchuchumaa ni kuketi kusikokamilika. Wa tatu akapiga magoti, ikabidi aondolewe kabla viongozi wa dini hawajaandamana. Wa nne akasimama juu ya kiti wima kabisa, kisheria hana doa, kiti kikasukumwa, akaanguka. Kamera ilisalimika, na jina lake likapendekezwa kwa nishani.

Bi Somoe, aliyekuwa ameketishwa kwenye gunia kando ya ukuta, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Ni hapo Kanyenye alipomgeukia taratibu. Upo kifungu, alisema, katika Sheria ya Wasiosimama. Raia ambaye miguu imemkatalia anaruhusiwa kuketi mbele ya Baba, mradi ana cheti cha mjumbe wa mtaa kwamba moyoni amesimama.

"Unacho, mama?"

"Ninacho. Nilitozwa kuku wawili kukipata."

Hivyo ndivyo Bi Somoe alivyoteuliwa kuwa Mpiga Picha Mkuu wa Taifa. Ndiye mtu pekee katika nchi nzima aliyeruhusiwa kisheria kufanya kazi hiyo.

"Mimi?" alimwambia Kheri. "Mimi sijapiga hata picha ya pasipoti."

"Bibi, shika tu hivi, uangalie humu. Kinachopendeza kiwe katikati."

"Na kisichopendeza?"

"Kikate."

Alijaribu, akakata kichwa cha Baba chote. Kheri akasema tutafanya mazoezi zaidi.

Msukumaji nilichaguliwa mimi. Ilisemwa kikaoni kwamba katika watumishi wote wa umma ni Pazi peke yake anayejua kusogeza kitu bila kukimwaga. Nilijisikia fahari, sifichi, hata mke wangu alinipikia nyama. Na Bi Somoe alikubali kwa sharti moja tu, kwamba kazi ikiisha anaondoka na kiti chake. Waziri akaweka mkono kifuani akaahidi.

Ikulu ya Wima imejengwa juu ya kilima, na barabara ya lami inashuka kutoka kwenye ngazi mpaka getini. Tulipanga kazi mbele ya ngazi. Baba aliletwa, naomba radhi, Baba alitokea, akiwa na wale walinzi wawili, na nilipomwona kwa karibu nilishangaa kuona ni mzee. Kwenye picha ana umri ule ule tangu nikiwa shule. Midomo ilikuwa imekauka na miguu inacheza ndani ya suruali.

Mpango wa Kheri ulikuwa rahisi. Baba asimame alipo, sisi tumwendee taratibu, na kwenye filamu itaonekana yeye ndiye anayekuja. Kanyenye aliita "Njoo", kwa kuwa hakuna anayemsogelea Baba bila kuitwa, nami nikasukuma. Tulipoitazama ile picha, kweli Baba alikuwa anakua mkubwa, anakuja. Tatizo ni kwamba ngazi zilikuja naye. Ukuta wa Ikulu nao ulikuja, na miti, na bendera.

Kheri aliuma kucha. Waziri akatazama mara mbili.

"Ndiyo maana ya maendeleo," akasema. "Baba anakuja na nchi yake."

Tukarudia, kwa sababu Bi Somoe alikuwa amekata sikio. Tukarudia, kwa sababu inzi alitua kwenye nishani. Tukarudia, kwa sababu Waziri aliona Baba hajaja vya kutosha. Jua likawa kali. Kila tukisogea nilimwona Baba akijikaza kisabuni, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ukosi, na walinzi wakibadilishana mikono nyuma yake. Mwisho tulimfikia karibu kabisa, kiasi cha kusikia pumzi. Bi Somoe akaiteremsha kamera mapajani.

"Baba," akasema, "wewe unaumwa."

Hakuna mtu aliyewahi kusema maneno hayo. Wengine waliangalia mawingu, lakini siku hiyo hayakuwapo.

Baba hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama kiti.

"Kinakaaje hicho?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya redioni.

"Vizuri sana. Mgongo unaegemea, na hapa chini fundi aliweka kamba za mpira wa tairi. Zinanepa."

"Shuka kidogo," akasema Baba.

Amri ya Baba katika nchi yetu haikataliwi, haijadiliwi na haiulizwi. Mimi na Kheri tulimbeba Bi Somoe tukamweka kwenye majani, kamera ikiwa bado mapajani mwake na kitaa chake chekundu kinawaka. Walinzi walimgeuza Baba, wakamshusha polepole. Na alipofika chini ilimtoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, kama ya mama aliyetua ndoo ya maji baada ya safari ndefu. Alifumba macho. Wanajeshi, mawaziri, wapiga tarumbeta, wote tukasimama imara zaidi, maana hatukujua la kufanya.

"Sukuma," akaniambia.

Nikasukuma.

"Ongeza."

Nikaongeza, mpaka tukaingia kwenye mteremko.

"Achia."

Nikaachia. Mimi ni nani? Kiti kikashika kasi. Baba akashuka kilima cha Ikulu mikono ameitanua, kofia imeruka, akicheka, na nyuma yake Baraza lote la Mawaziri likikimbia na suti, mmoja akiacha kiatu hapa, mwingine kule. Getini askari walipiga saluti wakafungua geti kwa mazoea. Aliishia kwenye vichaka vya maua ng'ambo ya barabara. Walipomfikia walimbembeleza atoke kitini, akakishika kwa mikono miwili akakataa. Wakamrudisha Ikulu na kiti chake.

Nasema kiti chake kwa kuwa ndivyo tulivyoelekezwa kusema. Nyuma kule, juu ya majani, Bi Somoe alikuwa ameinua kamera na kuifuatisha safari yote mpaka mwisho. Kheri alimsifu kwa kumweka Baba katikati vizuri namna ile. Lakini Bi Somoe hakuwa anamtazama Baba. Alikuwa anatazama miguu yake ikienda zake.

Nilimrudisha nyumbani kwa toroli la chai.

Redio ilitangaza kwamba katika kutengeneza filamu Baba alisimama kwa kimo cha chini. Kona ya nyuma ya Wizara ikabaki majivu. Makarani walizunguka saa za mchana na sahani zao mikononi kama waliofiwa. Nikipita kwa Bi Somoe nilimkuta mkekani, uso ukutani, hataki salamu. Nilimsikia akimwambia jirani aliyemletea maji kwamba asante, ayaweke hapo, kwa ile sauti ya mtu mpole ambayo haikuwa yake. Roho iliniuma. Nikampakia tena kwenye toroli, nikampeleka kwa Waziri.

Mheshimiwa Machupa alimpokea akiwa amesimama, kama kawaida.

"Mama, elewa sheria. Baba haketi. Kwa hiyo alichopanda si kiti. Na kwa kuwa si kiti, Serikali haiwezi kukurudishia kiti. Nchi haiwezi kurudisha kitu kisichokuwapo."

"Haya," akasema Bi Somoe. "Basi nirudishie hicho ambacho si kiti."

Waziri alimfungulia mlango.

"Hicho kiko kazini," akajibu.

Wakati huo Kheri alikuwa anaunganisha filamu. Waziri aliitazama na kuona kwamba ile picha ya mteremkoni ndiyo nzuri kuliko zote. Ndiyo pekee ambayo Baba anajongea na ukuta wa Ikulu unabaki. Wakaguzi nao waliitazama na kuipitisha, kwani walikuwa wameshatia saini kwamba Baba hajaketi, na mtu hawezi kuona kinyume cha saini yake. Ikawekwa mwishoni kabisa, na wimbo wa taifa juu yake.

Siku ya uzinduzi Ukumbi wa Taifa ulijaa. Ukumbi huo una viti vizuri vya kukunja, vyekundu, ambavyo havijawahi kukunjuliwa. Tulisimama katikati ya safu, kila mtu na kiti chake mbele ya magoti. Bi Somoe, kwa cheo chake, alikuwa safu ya mbele juu ya toroli la chai, nami nimelishika lisiteleze. Baba alikuja, akaja tena, akaja na ngazi, akaja na miti. Magoti yalikuwa yanalia ukumbi mzima. Kisha ikafika ile picha ya mwisho. Mwanga ukajaa, mteremko ukaonekana, na Baba akashuka kwa kasi, amekaa kitako, mikono ametanua, anacheka.

Tulikaza macho tumwone amesimama. Ukijitahidi unaweza.

"Kiti changu kile," akasema Bi Somoe.

Hakupaza sauti. Lakini tarumbeta za wimbo wa taifa zilikuwa zimenyamaza, na neno likafika mpaka mlangoni.

"Si kiti, mama," Kanyenye alinong'ona.

"Gurudumu la kushoto lina waya mwekundu. Niliufunga mwenyewe. Kiti changu kile, na mtu kakikalia. Mwenye macho aseme."

Kwenye safu ya tatu mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa umri mkubwa, alinyoosha mkono, akakikunjua kiti kilichokuwa mbele yake, akaketi.

Kanyenye alimwendea mbio.

"Kwa nini umeketi wakati Baba amesimama?"

"Amesimama wapi, bwana mdogo? Nionyeshe, nami niinuke."

Bwana Kanyenye akageukia kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu. Nimesema ni mtu mkweli. Alitazama kwa muda mrefu. Kumkamata mwalimu ilimpasa athibitishe kwamba Baba amesimama, na kumwacha ilimpasa akubali kwamba Baba ameketi. Kitabu chake kizima hakikuwa na kifungu. Nami nilimwona akipapasa goti lake la kulia, lile linalomsumbua nyakati za mvua. Akakunjua kiti cha pembeni, akakaa.

Baada ya hapo ilikuwa ni mlio wa viti tu, kama mvua inapoanza kwenye bati. Watu walikaa, wengine wakilia, wengine wakicheka wenyewe. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeshika toroli.

Nchi ikaketi. Kesho yake makarani waliandika wameketi, hakimu akakaa, vitambaa vikatolewa kwenye picha majumbani na watu wakala wakimtazama Baba usoni. Polisi hawakuwa na la kufanya. Kila aliyeulizwa alisema anamfuata Baba. Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura, likajadili wima mpaka likapata jawabu. Ikithibitika kwamba Baba hajawahi kuketi, raia watainuka. Na ushahidi kwamba Baba hajawahi kuketi ni kwamba kiti hakijawahi kutoka kwa mwenyewe.

Kikaletwa mtaani kwetu na bendi ya polisi.

"Kiti hiki," Waziri alihutubia, "ambacho hakijawahi kutoka hapa, leo tunakirudisha."

Tukapiga makofi. Bi Somoe alikizungusha magurudumu, akagusa ule waya mwekundu, akaegemeza kichwa kwenye mkono wa kiti akalia. Nami nililia. Siku iliyofuata kona ilikuwa inafuka moshi, na makarani walipigania ukoko.

Marafiki wa ng'ambo nao walijibu. Walisema wamemwona Baba akijongea, tena kwa kasi, na kwamba hasa wamefurahishwa kuona alikuwa anaelekea getini. Urafiki ukaendelea. Watu wakarudi kusimama, walau askari anapopita, na Baba akarudi kwenye ngazi zake katikati ya wale walinzi wenye mkono mmoja mmoja.

Kisha Alhamisi moja gari jeusi likasimama kwenye kona ya Bi Somoe. Walinzi wakamteremsha Baba wakamsogeza mpaka jikoni. Hakuamuru kitu. Alikitazama kiti tu, na Bi Somoe akamtazama yeye, muda mrefu, mwiko mkononi.

"Utakaa," alisema mwishowe. "Mimi nitakuwa hapa mkekani pembeni. Lakini kwangu hakukaliwi bure, na jioni kiti kinabaki."

"Kinabaki," akasema Baba.

Bi Somoe akampa ungo wa maharage achambue. Tangu siku hiyo Baba huja kila Alhamisi mchana, anachambua, na jioni kiti hubaki, kama walivyopatana. Ni mapatano ya kwanza ya utawala wake yaliyotekelezwa. Sisi tunaopita hapo tunamwona amesimama, na ukituuliza tutaapa.

Alhamisi iliyopita nilikula hapo. Nikiwa katikati ya sahani nikauma jiwe, jiwe kubwa, jino likalia mpaka sikioni. Baba aliinua uso kutoka kwenye ungo akanitazama, na Bi Somoe akaniuliza kama maharage yameiva vizuri. Nikamwambia yameiva vizuri sana, nikalimeza lile jiwe.